Karatasi yangu haimwoni mlinzi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu wa Kamalondo, ambaye barua yake mliyoichapa wiki mbili zilizopita ilizua mabishano makali pembeni mwa kiwanja chetu cha kikapu hapa Katuba, Lubumbashi. Aliandika kwamba marehemu Dikembe Mutombo, Mkongo mwenzetu aliyesifika kwa kuzuia mitupo, pamoja na sifa zote tunazommiminia tangu alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, hakuwahi hata mara moja kuingia katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa msimu wa NBA, yaani watano wanaochaguliwa kila msimu kuwa bora katika ligi hiyo ya kikapu ya Marekani, na kwamba jambo hilo peke yake linaonyesha kuwa tunamkuza kwa sababu ni mtoto wa nchi. Neno la kwanza ni kweli tupu. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi si mwanahabari wala kocha. Kwa miaka kumi na mitatu nimekaa mezani pembeni mwa viwanja vya Katuba na vya komini ya Kenya nikijaza karatasi ya matokeo, na vijana wamenibandika jina la Papa Makaratasi. Kazi hiyo ina kanuni zake. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa kalamu nyekundu, ya pili na ya nne kwa kalamu ya buluu au nyeusi. Mpira ukiingia kikapuni, nakata mstari juu ya namba ya jumla ya pointi na kuandika kando yake namba ya jezi ya aliyefunga. Mchezaji akifanya faulo, naweka herufi P mbele ya jina lake, na faulo ya tano humtoa mchezoni. Naandika pia mapumziko wanayoyaomba makocha. Zaidi ya hapo karatasi haina kisanduku cha maana. Haina mahali pa ribaundi, yaani mpira unaodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu, haina mahali pa mpira ulionyang'anywa, wala haina mahali pa mtupo uliopigwa kofi hewani ukaangukia kwa mashabiki.

Mwishoni mwa msimu uliopita, kamati ya ligi yetu ndogo ya mtaani ilikaa chini ya mwembe na rundo la karatasi zangu ili kuchagua vijana watano wa kikosi bora. Kuna kijana mmoja mchomeleaji, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche, ambaye kocha wake humpa kazi moja tu katika kila mechi, nayo ni kumkaba mfungaji hatari wa upande wa pili. Katika nusu fainali alipewa kijana aliyekuwa akifunga pointi ishirini na zaidi kila Jumapili, na yule akaondoka uwanjani na pointi sita, amekasirika, hata mkono hakutaka kumpa mtu. Kamati ilipotangaza majina, mchomeleaji wetu hakuwamo. Alikuja mezani kwangu, akaomba karatasi ya siku ile, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina lake: pointi mbili, P nne. Akaniuliza, "Papa, ni haya tu?" Nikamwambia ndiyo, ni hayo tu. Watano waliochaguliwa walikuwa ndio wale wale watano wa juu kwa pointi. Kamati haikumwonea mtu. Ilisoma kilichoandikwa, na mwandishi ni mimi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu NBA nayo, pamoja na fedha zake na kamera zake, iliishi na karatasi inayokaribiana na yangu kwa muda mrefu. Mitupo iliyozuiwa na mipira iliyonyang'anywa haikuhesabiwa rasmi mpaka msimu wa 1973-74. Bill Russell wa Boston alistaafu mwaka 1969 akiwa na ubingwa mara 11, na wote waliomwona wanakiri kwamba alijenga ubingwa huo kwa kuzuia. Lakini ukifungua vitabu rasmi hutakuta hata mtupo mmoja aliouzuia. Jambo linalofaa kumfikirisha msomaji wa Kamalondo ni hili: Russell alitunukiwa kuwa Mchezaji Bora mara 5, na katika mara 3 kati ya hizo, yaani mwaka 1958, 1961 na 1962, aliwekwa katika kikosi cha pili cha msimu. Mchezaji bora wa ligi nzima, kisha kikosi cha pili! Siri yake ni kwamba tuzo ya Mchezaji Bora wakati ule ilipigiwa kura na wachezaji wenyewe, na utaratibu huo uliendelea mpaka msimu wa 1979-80, ilhali kikosi bora kilichaguliwa na wanahabari. Walioruka hewani pamoja naye waliona jambo moja, waliokaa na daftari wakaona jingine.

Jambo hilo hilo lilimpata Mutombo mwaka 1995, na ajabu yake ni kubwa zaidi kwa kuwa lilitokea ndani ya heshima za ulinzi zenyewe. Msimu wa 1994-95 alicheza mechi zote 82 akiwa na Denver, akazuia wastani wa mitupo 3.9 kwa mechi, na wanahabari wakamchagua kuwa Mlinzi Bora wa Mwaka. Kikosi bora cha ulinzi kilipotangazwa, nafasi ya mchezaji wa kati, yule mrefu anayekaa karibu na kikapu, katika kikosi cha kwanza ilikuwa ya David Robinson, na Mutombo akawekwa katika kikosi cha pili. Kikosi hicho kilichaguliwa na makocha, ambao hawakuruhusiwa kuwapigia kura wachezaji wao. Basi mlinzi wa kwanza wa ligi akawa mchezaji wa kati wa pili kwa ulinzi. Kisa kama hicho kilirudi mwaka 2013, Marc Gasol alipokuwa Mlinzi Bora na kuwekwa katika kikosi cha pili cha ulinzi, wakati kikosi cha kwanza kilibeba wachezaji sita baada ya Tyson Chandler na Joakim Noah kulingana kwa kura. Msimu uliofuata kura ya vikosi vya ulinzi iliondolewa mikononi mwa makocha ikapewa wanahabari. Je, mwaka 1995 makocha walikosea au wanahabari walikosea? Mimi nina maoni yangu, lakini hoja yangu hapa ni nyepesi zaidi: mtu yule yule, msimu ule ule, aliwekwa katika ngazi mbili tofauti kwa sababu waliomtazama walikuwa watu wawili tofauti.

Nije sasa kwenye kikosi bora cha msimu chenyewe, kile ambacho msomaji wa Kamalondo amekitumia kama mizani. Mpaka msimu wa 2022-23, mpiga kura alilazimika kujaza kila kikosi kwa magadi wawili (waongoza mpira), mafowadi wawili (wachezaji wa mbele) na mchezaji mmoja wa kati. Vikosi ni vitatu tangu msimu wa 1988-89, kwa hiyo kila mwaka kulikuwa na viti vitatu tu kwa watu wa kazi ya Mutombo. Tukumbuke ni nani waliokuwa wakivigombea siku zake: Hakeem Olajuwon, David Robinson, Patrick Ewing na Shaquille O'Neal. Watu wanne wa namna hiyo, na viti vitatu. Mwaka 1997 Mutombo alikuwa Mlinzi Bora kwa mara ya pili, akiwa Atlanta, na hakupata kiti chochote, kwa kuwa Olajuwon, Ewing na O'Neal walikwisha kuketi. Mwaka 1998 alipata kikosi cha tatu. Mwaka 2001, msimu ambao alihamia Philadelphia na kufika fainali, alipata kikosi cha pili nyuma ya O'Neal, na mwaka 2002 akarudi cha tatu. Magadi wa enzi ile waliokuwa wa nne kwa ubora katika kazi yao walikuwa na kiti katika kikosi cha pili. Mchezaji wa kati aliyekuwa wa nne alibaki amesimama nje ya mlango.

Kanuni hiyo ilikuja kuwaumbua wenyewe mwaka 2023. Joel Embiid alikuwa Mchezaji Bora na Nikola Jokić alikuwa wa pili katika kura hiyo, lakini kwa kuwa wote ni wachezaji wa kati, Jokić alishushwa hadi kikosi cha pili, kisha wiki chache baadaye akaiongoza Denver kuchukua ubingwa na kuwa Mchezaji Bora wa fainali. Kuanzia msimu wa 2023-24 nafasi ziliondolewa, na sasa mpiga kura huandika watano awatakao bila kujali wanasimama wapi uwanjani. Ninaona walifanya vyema, ingawa walichelewa mno kwa watu wa kizazi cha Mutombo.

Sitaki kumdanganya msomaji wa Kamalondo. Hata kama kanuni ya nafasi isingekuwapo, sidhani kwamba Mutombo wa mwaka 1995, aliyekuwa akifunga pointi 11.5 kwa mechi, angeingia katika watano wa kwanza wa ligi. Karl Malone hangempisha, wala Robinson, ambaye mwaka huo ndiye aliyekuwa Mchezaji Bora. Lakini hiyo inatuambia kwamba kikosi bora cha msimu kimsingi ni kikosi cha wanaofunga na wanaotengeneza mabao, na mlinzi mtupu huingia humo kwa kubanwa mlangoni. Kumpima Mutombo kwa kikosi hicho ni kumpima mvuvi kwa gunia la mahindi. Ukimpima kwa kazi aliyokuwa akiifanya, utakuta Mlinzi Bora mara 4 (1995, 1997, 1998 na 2001), idadi ambayo ni Ben Wallace na Rudy Gobert pekee walioifikia, na mitupo 3,289 aliyoizuia katika maisha yake ya mchezo, ambayo inapitwa na ya Olajuwon peke yake.

Barua ya Kamalondo ilikuwa na sehemu ya pili, na hapo ndipo nilipomshangaa mwandishi wake. Baada ya kutumia orodha kumshusha Mutombo, aligeuka akailaani orodha hiyo hiyo kwa kumkosesha heshima Victor Wembanyama, ambaye baba yake ana asili ya Kongo, katika msimu wa 2024-25. Kanuni anayoilalamikia ilianza msimu wa 2023-24: mchezaji asiyetimiza mechi 65 kati ya 82, tena kwa kucheza angalau dakika 20 katika karibu mechi hizo zote, hahesabiwi katika tuzo kubwa wala katika vikosi vya msimu, isipokuwa vikosi vya chipukizi, yaani wachezaji wa msimu wa kwanza. Wembanyama alicheza mechi 46 tu, kisha akasimamishwa kwa sababu ya damu iliyoganda begani. Alikuwa akiongoza ligi kwa kuzuia mitupo, na tuzo ya Mlinzi Bora ikaenda kwa Evan Mobley. Mwaka mmoja kabla yake, Embiid alikuwa akifunga wastani wa pointi 34.7, goti likamtoa, akamaliza na mechi 39 na hakuhesabiwa.

Huwezi kuikubali orodha inapomkata Mutombo na kuikataa inapomkata Wembanyama. Mimi mwenyewe naiunga mkono idadi ya chini ya mechi, na siifichi sababu yangu: heshima ya msimu ni ya msimu. Mtu aliyecheza mechi 46 anaweza kuwa mlinzi bora kuliko wote duniani, na nadhani Wembanyama ndiye, lakini katika mechi 36 zilizobaki wapinzani walipanda kikapuni na yeye hakuwapo kuwazuia. Mutombo alikuwapo mechi zote 82. Kule kuwapo usiku baada ya usiku, Jumanne ya baridi katika mji ambao hakuna anayeitazama mechi, ni sehemu kubwa ya kazi ya mlinzi, na ni sehemu ambayo watazamaji wa vipande vya video hawaioni kamwe. Ninachokubaliana nacho ni kwamba ukuta wa 65 ni mkavu kupita kiasi. Aliyecheza 64 na aliyecheza 30 kwa kawaida hutupwa nje pamoja, na mtu mzima anayepewa kura anaweza kuaminiwa kupima tofauti hiyo mwenyewe.

Hata hivyo ugonjwa mkubwa hauko kwenye idadi ya mechi. Uko kwenye mshahara. Katika mikataba ya NBA, kuingia katika kikosi bora cha msimu kunaweza kumfungulia mchezaji kijana mlango wa kulipwa asilimia 30 ya kiwango cha juu cha mishahara ya timu badala ya 25, na kwa mkongwe aliyetimiza masharti hufika asilimia 35. Tyrese Haliburton wa Indiana aliumia msuli wa paja katikati ya msimu wa 2023-24, akarudi akihesabu mechi, akatimiza 69 na kuingia kikosi cha tatu, na kikosi hicho cha tatu kikamwongezea zaidi ya dola milioni 40 katika mkataba wake. Jayson Tatum alikosa vikosi vyote vitatu mwaka 2021, na inakadiriwa kuwa kukosa huko kulimgharimu zaidi ya dola milioni 30. Wapiga kura ni jopo la wanahabari wapatao 100, na kila mmoja hutoa pointi 5 kwa jina la kikosi cha kwanza, 3 kwa la pili na 1 kwa la tatu. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuuliza maswali chumba cha kubadilishia nguo asubuhi, jioni ameshika kalamu ya mshahara wako, na wewe uliyeumia unachechemea uwanjani ili usikose mechi ya 65. Kwa bahati, kura zao huchapishwa hadharani kila mmoja kwa jina lake, na hilo nalisifu; lakini afadhali wangezitenga fedha na heshima, kila moja ikabaki na mlango wake.

Niseme pia, kwa ufupi, kwamba kura hizi hazigusi mechi za mchujo, zile zinazofuata msimu wa kawaida kutafuta bingwa. Katika mchujo wa mwaka 1994 Mutombo alizuia mitupo 31 katika mechi 5 dhidi ya Seattle, timu iliyokuwa ya kwanza kwa ushindi, akamaliza amelala sakafuni ameukumbatia mpira. Hakuna kikosi cha msimu kinachobeba usiku ule. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi yetu, alichukua ribaundi 26 kwa Toronto dhidi ya Cleveland tarehe 21 Mei 2016. Tuliitazama saa za usiku wa manane kwa jirani mwenye jenereta, tukiimiminia mafuta kwa mchango, na mama wa nyumba akatoka mara mbili kutuomba tupunguze sauti. Biyombo hajawahi kuwamo katika kikosi chochote cha ulinzi. Na Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichukua ubingwa na Golden State mwaka 2022 katika msimu wake wa kwanza, huku jina lake likikosekana katika vikosi vyote viwili vya chipukizi.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya NBA ni ya mbali na hayatuhusu. Mwaka 2022 Espoir Fukash ya hapa Lubumbashi ilikwenda Cairo kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, ambako kila timu ilikuwa na mechi 5 za kundi, na ligi hiyo nayo huchagua vikosi vyake bora. Katika mechi 5 usiku mmoja mbaya ni sehemu ya tano ya msimu wako wote, na kanuni ya kuhesabu mechi haina kazi. Kinachobaki ni macho ya anayetazama na kile kilichoandikwa.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naiomba kamati ya ligi yetu ya mtaa, ambayo najua wajumbe wake wanasoma ukurasa huu, ifikirie mambo mawili kabla ya mpira kuanza tena. Kwanza, kati ya vijana watano wa kikosi bora, mmoja apigiwe kura na wachezaji wenyewe, kwa karatasi za siri, kila timu ikikatazwa kumtaja mtu wake. Vijana wanajua vizuri sana ni nani wasiyependa kumkuta mbele yao. Pili, mezani pawe na mtu wa pili mwenye daftari la kawaida lenye safu nne: ribaundi, mitupo iliyozuiwa, mipira iliyonyang'anywa, na safu ya mwisho ya kuandika kila mfungaji alikabwa na nani na akatoka na pointi ngapi. Safu hiyo ya nne hata wakubwa wa Marekani waliisubiri mpaka kamera zilipokuja kuwafanyia kazi, lakini kwenye kiwanja kimoja chenye vijana kumi mtu makini anaweza kuijaza kwa kalamu ya risasi.

Daftari nimekwisha kulinunua, la kurasa mia, na kurasa ishirini za mwanzo nimezipiga mistari. Ninachotafuta sasa ni mtu wa kukaa kushoto kwangu kila Jumapili, mwenye macho mazuri, na asiyesimama kushangilia mpira unapoingia.

Msomaji wenu,
Papa Makaratasi,
Katuba, Lubumbashi